Lubumbashi: Mboga kumea haitoshi, udongo wa shaba unaficha mengine

Asubuhi katika soko la Kenya, mjini Lubumbashi, akina mama wanapanga mafungu ya lengalenga, matembele, sombe na kabichi ya Kichina juu ya mifuko iliyotandikwa chini. Majani ni mabichi, yamenyunyiziwa maji ili yasinyauke. Mnunuzi anatazama rangi, anapima fungu kwa mkono, anajadili bei, anaondoka. Ni nadra kusikia mtu akiuliza mboga hizo zilimea wapi. Na hata angeuliza, macho yake yasingemsaidia: hakuna anayeweza kuona shaba, kobalti, risasi au kadimiamu ndani ya jani.

Ndilo swali ambalo watafiti wa kitivo cha sayansi za kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, wamelifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 15. Mmoja wao ni Michel Mpundu Mubemba, ambaye mwaka 2010 alitetea tasnifu yake ya udaktari kuhusu uchafuzi wa udongo wa mji huu kwa metali, hatari ya metali hizo kuingia katika chakula cha wakaaji, na njia za kuponya udongo.

Kazi yake, pamoja na ile ya wenzake wa UNILU na wa vyuo vikuu vya Ubelgiji, inatoa fundisho moja ambalo kila mwenye bustani na kila mwenye sufuria mjini anafaa kulijua: mboga kumea vizuri si alama kwamba inafaa kuliwa. Ni mambo mawili tofauti, na kila moja linahitaji dawa yake.

Moshi tangu mwaka 1911

Ili kuelewa tatizo, lazima kurudi nyuma. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1911 kiwanda chake cha kuyeyusha shaba kilianza kazi Lubumbashi, mwaka mmoja tu baada ya mji wenyewe kuanzishwa kwa jina la Élisabethville. Baada ya uhuru, kiwanda kiliingia mikononi mwa Gécamines. Bomba lake la moshi na mlima mweusi wa mabaki, ule ambao watu wanauita terili, vimekuwa alama ya mji kiasi kwamba mgeni hupiga picha hapo kabla ya kwenda kokote.

Kwa miaka mingi moshi ule ulitoka na vitu viwili. Cha kwanza ni vumbi jembamba lenye shaba, zinki, risasi, kadimiamu na kobalti. Cha pili ni gesi ya salfa ambayo, ikikutana na maji ya mvua, inageuka kuwa asidi. Upepo wa Lubumbashi, hasa wakati wa kiangazi, hutoka sana kusini-mashariki. Basi moshi ulisukumwa upande mmoja, na vumbi likaangukia sehemu zile zile mwaka baada ya mwaka. Watafiti wanaiita sehemu hiyo koni ya uchafuzi, kwa sababu ukiichora kwenye ramani inaanza nyembamba kiwandani na kupanuka kadiri inavyokwenda mbali.

Kata ya Penga Penga iko ndani ya koni hiyo. Huko kuna sehemu ambazo miti ilikufa, majani yakakauka, na mvua ikachukua udongo wa juu. Ardhi ikabaki wazi. Wakati wa mvua inatiririsha matope, wakati wa kiangazi inatoa vumbi, na vumbi hilo linaingia majumbani na kutua kwenye bustani za jirani.

Moshi si njia pekee. Mito nayo inabeba. Utafiti uliofanywa kwenye mito ya Lubumbashi, ikiwemo Kafubu na Naviundu, ulikuta metali nyingi katika maji na katika matope ya chini. Na ni katika mabonde ya mito hiyo ambako wakulima wengi wa mboga wanapata maji ya kumwagilia kiangazi. Ndiyo maana tatizo haliishii kwenye kata zilizo karibu na bomba.

Mmea unakula nini

Watu wengi wanadhani shaba ni sumu tu kwa mmea. Si hivyo. Mmea unahitaji shaba kama vile mwili wa mtu unavyohitaji chumvi: kidogo sana, lakini bila hicho kidogo haukui vizuri. Kilo moja ya majani yaliyokaushwa kwa kawaida huwa na miligramu 5 hadi 20 za shaba. Zinki nayo inahitajika. Kadimiamu na risasi, kinyume chake, hazina kazi yoyote katika chakula cha mmea. Zinaingia kwa sababu mlango umefunguliwa kwa wengine.

Shaba ikizidi, mizizi ndiyo inaumia kwanza. Inabaki mifupi na minene, haina nguvu ya kufuata maji na chakula chini. Kisha shaba inazuia mmea kuchukua chuma cha kutosha, na majani machanga yanageuka njano. Mkulima akiona njano hiyo anafikiri ardhi imechoka. Anatafuta pesa, ananunua urea, anamwaga. Lakini urea, ikishafanya kazi yake ardhini, inaongeza asidi. Na asidi ndiyo inayofungua mlango wa shaba.

Hapa ndipo kiini cha jambo. Hatari ya udongo haitokani tu na kiasi cha metali kilichomo, bali na kiasi kile ambacho kimeyeyuka katika maji ya udongo na ambacho mzizi unaweza kukinywa. Mashamba mawili yanaweza kuwa na shaba sawa kwa kilo, na moja likatoa mahindi wakati lingine halitoi chochote. Tofauti mara nyingi ni asidi, inayopimwa kwa kipimo cha pH. Kadiri pH inavyoshuka chini ya 5, ndivyo shaba, zinki, kobalti na kadimiamu zinavyoachiliwa. Udongo mwekundu wa Katanga una asidi kwa asili yake, na hauna fosforasi ya kutosha. Ongeza hapo mvua ya asidi ya miaka mingi kutoka bomba la kiwanda, na utaelewa kwa nini Penga Penga ilikufa.

Metali hazifanani

Kuna jambo jingine ambalo linamdanganya mnunuzi sokoni. Kila metali ina tabia yake ndani ya mmea.

Shaba hubaki sana kwenye mizizi. Ikizidi mno, mmea unadhoofika au kufa kabla ya majani yake kuwa hatari kubwa kwa mtu. Kwa namna fulani, mmea wenyewe unatoa onyo.

Risasi haipandi kwa urahisi kutoka kwenye mzizi hadi kwenye jani. Lakini inafika kwa njia nyingine: vumbi. Inatua juu ya majani na kushika, hasa kwenye majani yenye manyoya au yenye mikunjo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya risasi iko nje ya jani, na maji safi yanaweza kuiondoa kwa kiasi.

Kadimiamu ndiyo inayoogopwa kuliko zote. Inasafiri kwa urahisi kutoka udongo hadi kwenye majani, na mmea unaweza kuibeba kwa kiasi kinachozidi kikomo cha chakula bila kuonyesha dalili yoyote. Lengalenga inabaki kijani, nene, inayopendeza. Kuosha hakusaidii, kwa kuwa iko ndani. Ikiingia katika mwili wa mtu, inakaa kwenye figo kwa miaka mingi, 10 hadi 30, na inaweza kuharibu figo na mifupa. Kikomo kilichowekwa na Codex Alimentarius, tume ya chakula ya FAO na OMS, ni miligramu 0.2 tu za kadimiamu kwa kilo moja ya mboga mbichi za majani. Kwa risasi ni 0.3.

Kutoka shambani hadi sokoni

Mwaka 2013, Mpundu na wenzake wa UNILU walichapisha utafiti katika jarida la Journal of Applied Biosciences. Hawakwenda kwenye mashamba mabaya peke yake. Walikwenda pale ambapo kila mtu anakwenda: kwenye masoko ya Lubumbashi. Walichukua mboga za majani zinazouzwa humo na kupima metali ndani yake. Walikuta kwamba metali kadhaa zilivuka viwango vinavyokubaliwa kwa chakula cha watu.

Umuhimu wa kazi hiyo ni rahisi kueleza. Kabla yake, mtu angeweza kusema kwamba tatizo ni la watu wa Penga Penga, wale wanaoishi chini ya moshi. Lakini soko linachanganya. Fungu la mboga kutoka bonde lenye maji safi linakaa kando ya fungu lililomwagiliwa kwa maji ya mto uliochafuliwa. Bei ni moja, rangi ni moja. Mkaaji wa Katuba, wa Ruashi au wa Kampemba anaweza kula mboga ya udongo ambao hajawahi kuukanyaga.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba hakuna wa kulaumu kwa haraka. Mama anayelima kando ya mto anafanya hivyo kwa sababu maji yako hapo, soko liko karibu, na mboga za wiki nne au tano zinalipa ada ya shule ya watoto kuliko mahindi ya msimu mzima. Kumwambia aache bustani bila kumpa nyingine ni kumwambia afunge duka. Ndiyo maana watafiti hawakuishia kupima. Walitafuta njia ya kuponya.

Chokaa na mbolea: dawa yenye mipaka

Mwaka 2014, katika jarida la Biotechnologie, Agronomie, Société et Environnement la Gembloux, Ubelgiji, Mpundu na wenzake, akiwemo mtaalamu wa udongo Gilles Colinet wa Gembloux, walichapisha jaribio kuhusu kulima aina mbili za mboga kwenye udongo wa Lubumbashi uliochafuliwa. Walitumia vitu viwili ambavyo si vigeni kwa mkulima: chokaa na mbolea ya asili.

Kazi ya chokaa ni kupunguza asidi. pH inapopanda, metali zinashikamana na chembe za udongo na kuacha kuyeyuka katika maji. Mbolea ya asili, iwe ya mboji au ya kinyesi cha mifugo, inafanya kazi nyingine: inakamata metali, hasa shaba, na kuzifunga. Wakati huo huo inalisha mmea kwa nitrojeni na fosforasi, na inasaidia udongo kushika maji. Vikichanganywa, mahali ambapo mbegu ilikuwa inakufa sasa inaota.

Lakini hapa ndipo penye mtego. Chokaa na mbolea haviondoi metali. Vinazifunga tu, na zinabaki pale pale. Mwaka hadi mwaka mbolea inaoza, mvua inarudisha asidi, na kufuli linaanza kulegea. Isitoshe, kwenye udongo uliochafuliwa sana, hata kama sehemu inayoyeyuka imepungua, kiasi kinachobaki kinaweza bado kutosha kuijaza mboga ya majani kupita kikomo. Mkulima anafurahi kuona kijani, na kijani hicho kinampa moyo wa kuvuna na kuuza. Kwa maneno mengine, dawa iliyotumika mahali pasipofaa inaweza kuondoa onyo na kuacha hatari.

Kwa hiyo swali la kwanza si kuuliza ni mbolea gani ya kununua. Swali la kwanza ni kujua udongo huu una metali kiasi gani. Kwenye udongo wenye uchafu wa kadiri, chokaa na mbolea ni msaada mkubwa. Kwenye udongo ulioungua kama wa Penga Penga, bustani ya mboga haina nafasi. Huko kinahitajika kitu kingine.

Majani yasiyoogopa shaba

Kitu hicho kingine kimetafutwa na mtafiti mwingine wa UNILU, Mylor Ngoy Shutcha, pamoja na wenzake wa Lubumbashi, Brussels na Gembloux. Wazo lao lilitoka kwenye vilima vya Katanga vyenyewe.

Kila mtu aliyekulia katika jimbo hili anajua vilima ambavyo miti haimei juu yake, wakati msitu wa miombo umevizunguka pande zote. Ni vilima vya shaba. Wahenga waliokuwa wakiyeyusha shaba na kutengeneza misalaba yake, zamani sana kabla ya Wazungu, walijua kusoma alama hiyo. Juu ya vilima hivyo kuna mimea zaidi ya 500 ambayo imezoea udongo wenye shaba na kobalti, na mingine haipatikani mahali pengine popote duniani. Ua la shaba, Haumaniastrum katangense, ni mojawapo linalojulikana zaidi na wanasayansi.

Shutcha na wenzake walichukua nyasi kutoka vilima hivyo, hasa ile inayoitwa Microchloa altera, wakaipanda Penga Penga kwenye udongo mtupu uliorekebishwa kwa chokaa na mbolea ya asili. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2010, na ya jaribio la miaka 3 yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Ecological Engineering. Nyasi ilishika. Mahali palipokuwa uwanja wa vumbi palipata kifuniko.

Lengo la kazi hiyo si kuvuta shaba kutoka ardhini. Nyasi zilizochaguliwa vizuri kwa kazi hiyo ni zile ambazo hazibebi metali nyingi kwenye majani, ili mbuzi akila asile sumu. Lengo ni kuzuia udongo usisafiri. Mizizi inashika ardhi, mvua haichukui matope hadi mtoni, upepo hauchukui vumbi hadi kwenye bustani na kwenye meza za watu. Ukifunika uwanja mmoja mtupu, umesaidia pia bustani iliyo mbali nao. Kwa sababu hiyo, nyasi isiyoliwa na mtu inaweza kulinda chakula kuliko mfuko wa mbolea.

Ndani ya mwili

Je, metali hizo kweli zinafika ndani ya watu? Jibu lilitolewa na daktari wa sumu Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU, pamoja na Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Mwaka 2009 walichapisha vipimo vya mkojo wa wakaaji wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakilinganisha na watu wanaoishi mbali sana na maeneo hayo. Kiwango cha kobalti kwa watu wa karibu kilikuwa cha juu kuliko kilichowahi kuripotiwa kwa wakaaji wa kawaida popote pale. Hao hawakuwa wachimbaji peke yao. Walikuwemo watoto.

Mwaka 2014 utafiti mwingine, ulioongozwa na Karlien Cheyns na ambao Banza alishiriki, ulifuata njia ambazo kobalti inapita. Kwa watu wazima, chakula kilichomea hapo hapo, yaani mboga na nafaka, kilikuwa njia kubwa. Kwa watoto wadogo, vumbi lilikuwa na uzito mkubwa zaidi, maana mtoto anacheza chini na kuweka mikono mdomoni. Na mwaka 2020, jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanywa Lubumbashi ambao uliona hatari kubwa zaidi ya watoto kuzaliwa na kasoro pale ambapo baba alifanya kazi inayohusiana na madini.

Tafiti hizo haziwaambii wakaaji waache kula mboga. Hilo lingekuwa kosa jingine. Katika nyumba nyingi bukari bila mboga ni njaa iliyofunikwa: mboga za majani ndizo zinazoleta vitamini A na sehemu ya chuma kinachohitajika na mama mjamzito na mtoto. Tena, mwili uliokosa chuma unavuta kadimiamu na kobalti kwa nguvu zaidi. Mtoto asiyelishwa vizuri anaumia mara mbili.

Mkulima na mama wa nyumbani wafanye nini

Kutokana na yale ambayo sayansi inajua, kuna mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja.

Mwenye bustani asilime mboga za majani kwenye ardhi ambako majani ya kawaida yanakataa kuota, wala kando ya mabaki ya kiwanda au ya kusafishia madini. Asitumie matope ya mto kama mbolea. Pale ambapo udongo una uchafu wa kadiri, aongeze chokaa ya kilimo na mbolea ya asili, na arudie, kwa kuwa dawa hiyo inaisha. Ajihadhari na urea peke yake mwaka baada ya mwaka.

Uchaguzi wa zao una maana. Mboga za majani ndizo zinazokusanya zaidi. Mazao ya matunda kama nyanya, bamia, mahindi au maharagwe kwa kawaida hubeba metali kidogo katika sehemu inayoliwa. Mizizi kama karoti, ikilimwa kwenye udongo mbaya, inatoka na udongo huo kwenye ganda lake.

Nyumbani, kuosha majani kwa maji safi zaidi ya mara moja kunaondoa vumbi, na pamoja nalo sehemu ya risasi. Ni kazi ya dakika chache. Kubadilisha aina za mboga na mahali pa kununua kunapunguza hatari ya kula sumu ile ile kila siku. Na mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula, hasa kiangazi wakati vumbi linapoinuka.

Lakini ukweli lazima usemwe: hakuna mama anayeweza kuosha kadimiamu iliyomo ndani ya jani. Mahali hapo mzigo si wake tena.

Nani apime, nani alipe

Kila lori la madini linaloelekea Kasumbalesa linapimwa. Maabara zinatafuta ni asilimia ngapi ya shaba na kobalti imo ndani ya mzigo, kwa kuwa bei na kodi vinategemea tarakimu hiyo. Mji huu, basi, una mashine na watu wanaojua kupima shaba. Kinachokosekana ni uamuzi wa kupeleka fungu la lengalenga kwenye mashine zile zile, mara kwa mara, na kutangaza matokeo kwa lugha ambayo muuza mboga anaielewa.

Sheria haikosi. Kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema katika kifungu chake cha 285 bis kwamba mwenye haki ya madini anapaswa kurekebisha madhara yanayotokana na kazi zake kwa watu, mali na mazingira, hata kama hakuna kosa wala uzembe uliothibitishwa. Kwa mkulima ambaye bustani yake imeharibika, kifungu hicho kina maana kubwa. Lakini ili kudai, anahitaji karatasi ya kipimo. Bila kipimo cha udongo, ana malalamiko tu.

Kuna mfano wa mbali unaoonyesha kwamba ardhi iliyouawa na moshi inaweza kufufuka. Sudbury, nchini Kanada, ni mji wa nikeli na shaba ambao vilima vyake vilibaki vyeusi na vitupu kwa sababu ile ile: metali na asidi. Tangu mwaka 1978 mji huo umemwaga chokaa kwenye vilima, ukapanda nyasi, kisha miti, ambayo leo imezidi milioni 10. Kabwe Nkongolo, profesa wa Chuo Kikuu cha Laurentian cha huko mwenye asili ya Kongo, alikuwa miongoni mwa waliochapisha mwaka 2012 utafiti uliolinganisha udongo wa Sudbury na ule wa Lubumbashi. Ugonjwa unafanana. Tofauti ni kwamba Sudbury serikali na kampuni ziliweka pesa, na kazi ikaendelea kwa zaidi ya miaka 40 bila kukatika.

Wasomaji wetu wa Kivu na Ituri wasidhani habari hii ni ya Katanga peke yake. Kamituga au Mongbwalu, ambako dhahabu inasafishwa kwa zebaki, metali ni nyingine na njia zake ni nyingine, kwani zebaki inapita sana kwenye hewa na kwenye samaki. Lakini swali ni lile lile: kilichotolewa ardhini na kumwagwa juu yake kinaishia wapi, na nani anakipima kabla hakijafika kwenye sahani?

Lubumbashi, sehemu kubwa ya kazi ya wanasayansi imekwisha kufanyika. Udongo umepimwa, mboga zimepimwa, mikojo imepimwa, nyasi zimejaribiwa na zimeshika. Kilichobaki ni ramani ambayo mkulima anaweza kuiona, inayomwambia hapa lima, hapa tia chokaa kwanza, hapa panda nyasi na usivune. Hadi siku hiyo, mnunuzi wa soko la Kenya ataendelea kuchagua mboga yake kwa rangi, na rangi, kama tulivyoona, haisemi kitu.